Fosfeti haitoki mpaka uitoe

Tumbawe la kwanza lililonifia kwenye tangi langu la nyumbani lilikuwa Acropora ya samawati, tumbawe gumu la matawi, kijiti kisichozidi kidole changu cha shahada, na lilikufa wakati namba zangu za vipimo vya maji zilikuwa nzuri kuliko wakati mwingine wowote. Kwa muda mrefu niliamini kwamba fosfeti, chumvi ya fosforasi inayorutubisha mwani, ni adui, na kwamba kadiri ninavyoishusha ndivyo matumbawe yangu yatakavyostawi. Ndiyo maana kifo kile kilinichoma, maana kilikuja baada ya mimi "kushinda".

Tangi nililinunua 2017 kwa mtu aliyekuwa anahama, hapa mashariki mwa London, pamoja na mawe yake, mchanga wake na samaki watatu. Ukijumlisha tangi la juu na lile la chini lenye pampu na mashine ya povu (inayotoa uchafu majini kwa mapovu), maji yote yanafika kama lita 300. Mimi ni mtu wa Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja. Nimekua nikitembea juu ya mwamba maji yakitoka, nikijua wapi pa kukanyaga na wapi pana miiba ya urchini, kwa hiyo niliona kuweka kipande cha bahari sebuleni hakuwezi kunishinda.

Miezi tisa ya kwanza nilitumia maji ya bomba. Najaza ndoo, natia dawa ya kuondoa klorini, naiacha ilale, asubuhi nachanganya chumvi. Kila siku pia naongeza maji matupu kufidia yanayokauka, maana chumvi haipandi hewani, yanayopotea ni maji tu. Mawe yakaanza kuota ukoga, kisha mwani kama nywele za kijani ndefu zinazoyumba kwa mkondo wa pampu. Matumbawe laini yalivumilia. Yale magumu yakageuka kahawia kama chai iliyochacha.

Wakati huo nilikuwa na kipimo cha rangi, kile cha kulinganisha maji ya kichupa na kadi. Kilikuwa kinaonyesha sifuri. Nikawa nasema, fosfeti hakuna, tatizo ni taa. Nikazima taa siku tatu na kufunika tangi kwa blanketi. Nywele zikafa kweli, nikafurahi. Siku ya tano nikapima, kadi ikawa samawati ambayo sijawahi kuiona. Fosfeti haikuwa imekosekana, ilikuwa imo ndani ya zile nywele. Mwani ulikuwa unainyonya haraka kiasi kwamba haikubaki majini ya kupimika, na nilipouua bila kuutoa ukaoza na kuirudisha yote. Tangu siku hiyo nikiona sifuri kwenye tangi lenye mwani mwingi, sisemi kwamba halina fosfeti.

Nikanunua kipimo cha dijitali. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanahangaika na tangi kumbe wanahangaika na kipimo. Hiki changu kinasoma fosforasi, si fosfeti, na kwa mikrogramu kwa lita. Ili kupata fosfeti unazidisha kwa 3.066, halafu unagawa kwa 1000. Kikiandika 30, fosfeti yako ni 0.09 mg kwa lita. Wiki nzima ya kwanza nilikuwa nachanganya mambo hayo mawili. Halafu kuna kichupa chenyewe. Mililita 10 za maji, unayapima kwanza bila dawa ili kipimo kianzie sifuri, unamimina unga wa kwenye pakiti ndogo ambao nusu yake hung'ang'ania pembeni, unatikisa taratibu dakika mbili bila kutia mapovu, unakirudisha na kusubiri dakika tatu. Alama moja ya kidole kwenye kioo inabadilisha jibu. Mimi nimekata kipande cha kanga kuukuu, laini kwa kufuliwa, na hicho ndicho ninachofutia. Hakigusi kitu kingine. Kichupa nakitia upande uleule kila mara, alama ikinitazama. Napima mara mbili. Zikitofautiana sana, napima ya tatu.

Jioni moja nikapata wazo la kupima maji ya bomba yenyewe. Kipimo kikamulika 200, yaani mwisho wa uwezo wake. Nikachukua sehemu moja ya bomba na sehemu tisa za maji safi yaliyochujwa niliyonunua dukani. Kikasoma 95. Piga hesabu, zidisha kwa kumi: fosfeti 2.9 mg kwa lita. Nilidhani nimekosea. Nikarudia, 93.

Sababu yake ni ya heri kabisa. Nyumba nyingi za zamani Uingereza zina mabomba ya risasi, au zimebakiwa na vipande vyake chini ya ardhi kati ya barabara na mlango. Makampuni ya maji hutia fosfeti makusudi ili itengeneze utando ndani ya bomba, risasi isiyeyuke na kuingia kwenye maji ya kunywa. Kiwango cha kawaida ni kama 1 mg ya fosforasi kwa lita, ambayo kwa fosfeti ni 3. Kwa watoto wetu wanaokunywa maji hayo ni kinga. Kwa tangi la matumbawe ni mbolea. Mimi nilikuwa naongeza lita nne kila siku kufidia yanayokauka: lita nne mara miligramu tatu ni 12, gawa kwa lita 300, ni 0.04 kwa siku. Kwa wiki moja ni 0.28, bila hata kumlisha samaki. Huku maji ya juu ya bahari kwenye miamba ya matumbawe huwa na fosfeti chini ya 0.03, na mara nyingi ni pungufu ya hapo.

Nikanunua mashine ya RO, inayochuja maji kwa kuyasukuma kwenye utando, yenye resini mwishoni ya kunasa yaliyobaki. Kipimo cha madini yaliyoyeyuka kikashuka kutoka 290 hadi 0. Kila kifikapo 2 nabadilisha resini, sisubiri zaidi, kwa sababu resini iliyochoka inaweza kuachia kwa mkupuo vile ilivyovishika.

Nikabadilisha maji, asilimia 20 kila wiki kwa wiki sita. Fosfeti ikashuka mpaka 0.42 kisha ikakataa kabisa kwenda chini. Nabadilisha maji Jumamosi, jioni inasoma 0.34, Jumatatu imerudi 0.41. Nililaumu chumvi, nikalaumu chakula, nikapima maji mapya ya chumvi kabla sijayatia: karibu sifuri. Basi inatoka wapi?

Inatoka kwenye mawe. Mawe ya tangi la matumbawe ni kalisi kaboneti, kitu kilekile cha mifupa ya matumbawe na mchanga mweupe wa kwetu, na fosfeti hujishikiza juu ya kalisi kaboneti. Maji yakiwa na fosfeti nyingi, mawe yanaibeba. Ikipungua majini, mawe yanaiachia. Mawe yangu yalikuwa yamekaa miaka kwenye maji ya aliyeniuzia, halafu miezi tisa kwenye maji yangu ya bomba. Nilitoa jiwe moja la ukubwa wa nazi, nikalisugua, nikalitia kwenye ndoo ya maji mapya ya chumvi yenye pampu ndogo bila taa wala samaki. Baada ya wiki moja ndoo ilikuwa 0.25. Jiwe moja. Mimi nina kilo 30 za mawe na mchanga vidole vitatu kwenda chini.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililoniumiza, na nililifanya kwa hasira. Kuna chembechembe za oksidi ya chuma zinazouzwa kwa kazi hii. Zinafanana na kahawa iliyosagwa kwa ukubwa, rangi ya kutu. Unazisuuza kwanza mpaka yale maji mekundu kama udongo wa shamba yatoke, unazitia kwenye mtungi unaopitisha maji, nazo zinaivuta fosfeti na kuishika. Zinafanya kazi. Zinafanya kazi kupita kiasi. Maelekezo yalisema anza na nusu. Nilitia kipimo kizima na cha juu yake, nikafungua pampu.

Siku ya kwanza 0.42. Siku ya pili 0.23. Siku ya tano 0.04. Niliwapigia simu watu. Siku ya saba kipimo kiliandika 0 mara tatu mfululizo, na nywele za kijani zikaanza kupauka. Siku ya tisa ile Acropora ya samawati ikaanza kubambuka ngozi kuanzia chini. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai mkononi. Kwenye shina palikuwa na mstari mweupe mwembamba kama uzi, na juu ya mstari huo nyama ilikuwa inapeperuka kwa mkondo, vipande kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Kufikia usiku mstari umepanda nusu sentimita. Asubuhi ya pili kijiti chote kilikuwa mfupa. Baada yake nikapoteza matumbawe mawili ya aina ya Montipora kati ya matatu, na koloni la pili la Acropora likabaki na ncha tu.

Fosforasi si sumu kwa tumbawe. Tumbawe na ule mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake vinaihitaji kama sisi: imo kwenye vinasaba, imo kwenye utando wa kila seli. Ikizidi sana majini inakwamisha ujengaji wa mfupa, kwa sababu inajishika pale fuwele zinapotaka kukua, na mwani unaoishi ndani huongezeka mpaka tumbawe likawa kahawia. Lakini matumbawe yangu yalikuwa yamekwisha kuzoea 0.4. Yalikuwa mabaya kwa sura, ila hai. Mimi nikayanyang'anya chakula ndani ya wiki moja, na alkalini yangu, yaani akiba ya kaboneti majini ambayo tumbawe hujengea mfupa, wakati huo ilikuwa juu, 10.5, inayoyasukuma yajenge mfupa haraka huku hayana cha kujengea nyama. Lau ningeishusha kwa miezi sita badala ya siku saba, naamini kabisa yale matumbawe yangekuwa hai leo.

Na haikuishia hapo. Wiki ya tatu mchanga ukafunikwa na ute wa kahawia wenye mapovu, mrefu kama kamasi. Usiku unapungua, ukiwasha taa unarudi. Wanaita dinoflajelata, viumbe wadogo sana wa majini. Hawa hupata nafasi pale washindani wao wote wamekosa chakula. Konokono wangu wakaanza kufa, kwa sababu aina nyingine za viumbe hawa zina sumu. Nikajikuta, mimi niliyepigana na fosfeti mwaka mzima, nadondosha myeyusho wa fosfeti tangini kwa bomba la sindano kila asubuhi, nikilenga 0.1, na naupa mwani wa kawaida nafasi ya kurudi. Ilichukua karibu miezi mitatu. Nilipoona tena doa la kijani kwenye kioo nilishukuru.

Njia nyingine nitazitaja kwa haraka. Siki nyeupe nimeitumia: inalisha bakteria, bakteria wanakula naitreti (chumvi ya naitrojeni, mbolea nyingine ya mwani) na fosfeti, mashine ya povu inawatoa. Ilimaliza naitreti, fosfeti ikabaki, na hesabu yake inaeleweka, kwa sababu viumbe vidogo vya baharini huchukua takriban atomu 16 za naitrojeni kwa kila atomu moja ya fosforasi, uwiano ambao mwanasayansi wa bahari Alfred Redfield alianza kuufuatilia miaka ya 1930. Ukiwa na mawe yanayoendelea kutoa fosfeti, naitreti ndiyo itakayokwisha mwanzo. Kloridi ya lanthanamu sijaitumia na sitaitumia kwenye tangi lenye samaki wangu. Inaigandisha fosfeti ikawa unga mwembamba, na unga huo ukifika kwenye mashavu ya samaki ni balaa. Jamaa mmoja hapa mjini aliidondosha moja kwa moja bila kichujio, akapoteza kangaja wawili kwa usiku mmoja. Anayesafisha mawe kwenye pipa, pembeni, bila kiumbe ndani, huyo ananiingia akilini.

Kilichonisaidia hasa ni mwani, na aliyenifundisha kuutumia ni mama yangu, bila kujua habari ya tangi wala fosfeti.

Mama alianza kulima mwani 1990, mwaka mmoja baada ya kilimo hicho kuanza kibiashara upande wetu wa mashariki ya Unguja. Vigingi, kamba, vipande vya mwani vimefungwa mmoja mmoja, na ratiba yote ya nyumba inafuata bamvua. Mimi kwenye tangi la chini nilikuwa nimetia Chaetomorpha, mwani unaofanana na waya wa kusugulia masufuria, na taa yake nawasha usiku wakati ya juu imezimwa. Uliota ukajaza chumba chote. Nikampigia mama kwa video kumwonyesha.

"Umestawi," akasema. "Unaukata lini?"

"Siukati, mama. Umependeza hivyo."

"Ah, mwanangu. Mwani ukikomaa ukiuacha haukusubiri. Unakatika wenyewe, unaoza chini, maji yanauchukua. Kama huna kazi nao, usingeupanda."

Nilikuwa sijaukata miezi minne. Nikaingiza mkono. Juu ulikuwa kijani safi, unakwaruza vidole. Chini, kule taa isikofika, ulikuwa mweupe, unateleza, unayeyuka ukiushika, na maji yaliyotoka humo yalinuka kama ufuo wa kwetu siku mwani uliokatika umerundikana juani. Fosfeti niliyodhani imefungwa mle ilikuwa inarudi tangini taratibu. Ule mwani haukuwa umenitolea chochote. Ulikuwa umenishikia tu.

Sasa nakata kila wiki mbili, nusu yake, nakamua, napima kwenye mizani ya jikoni. Kawaida ni gramu 350 hadi 450. Naandika kwenye daftari pamoja na fosfeti na naitreti. Gramu zikipungua nazijua namba kabla sijapima, maana ama naitreti imeisha au taa imechoka. Fosfeti ilikuwa imerudi juu, na kutoka 0.3 hadi 0.1 ilinichukua miezi kumi na moja. Mawe yalikuwa yanaachia, mwani unachukua, mimi natoa ndoo nje. Kwa mwendo huo hakuna tumbawe hata moja lililonung'unika, na ile ncha ya Acropora iliyosalia leo ni kichaka cha upana wa sahani.

Upande wa kuingia nao ulihitaji nidhamu, na hapo ilibidi niongee na familia nzima. Binti yangu alikuwa analisha samaki asubuhi kabla ya shule. Mume wangu akirudi kazini anawakuta wanamkodolea macho, anawahurumia. Mimi nalisha usiku. Chakula kikavu cha samaki kwa kawaida kina fosforasi kama asilimia 1, kwa hiyo gramu moja ina miligramu 10, sawa na fosfeti 30, na kwa tangi la lita 300 hiyo ni 0.1 ikigeuka yote. Gramu moja ni vidole vitatu vikichota. Nikanunua kisanduku cha dawa chenye vyumba saba, kila Jumapili najaza. Chumba cha leo kikiwa tupu, samaki wamekula. Kwa muda nilikuwa pia nasuuza chakula cha barafu, kamba wadogo waliogandishwa, nikiamini namwaga fosfeti, lakini sehemu kubwa imo ndani ya nyama ya wale kamba wadogo, haitoki kwa kusuuzwa. Bado nasuuza, ila sijidanganyi kwamba nimefanya kazi.

Chembe za chuma sijazitupa. Natia vijiko vyake viwili vikubwa kwenye mfuko, pale maji yanapopita polepole, namba ikivuka 0.12. Ikirudi 0.08 nazitoa. Sijawahi tena kuacha ishuke zaidi ya 0.02 kwa wiki.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Mombasa anayekaa mtaa wa pili alikuja kuchukua kipande cha Montipora. Tangi lake lina miezi miwili, amejaza tayari ndoo sita za maji ya kubadilishia. Nilimwambia tumbawe simpi leo, kwanza aniletee maji ya bomba lake kwenye chupa ya soda. Akarudi nayo jioni. Nikachanganya moja kwa tisa, nikafuta kichupa kwa kipande changu cha kanga, tukakaa dakika tatu tunaangalia namba zikihesabu kurudi nyuma. 101.

"Dada, hizi ndoo sita nizimwage?"

Nikamuuliza kama ana bustani. Akasema mke wake ameotesha sukumawiki nyuma ya nyumba. Nikamuuliza kama ameshazitia chumvi. Bado. Nikamwambia basi amwagilie sukumawiki, zitaipenda, na tumbawe lake nimeliwekea alama kwenye kona ya kushoto, linamsubiri.